Uamuzi Uliohifadhiwa

Mwaloni Kirumba, soko la samaki katika Manispaa ya Ilemela, hupokea dagaa wa Ziwa Victoria na kuwasafirisha ndani ya Tanzania na hata Kongo. Tumfikirie karani wa mfanyabiashara mmoja wa pale. Kila mzigo unamtaka aandike mambo yale yale: mnunuzi, idadi ya magunia, bei, namba ya gari. Anairekodi kazi hiyo mara moja kwenye Excel, ikawa makro. Tangu hapo akibonyeza kitufe kimoja, hati nzima inatoka. Je, hati ya leo imeandikwa na nani?

Jibu langu: imeandikwa na karani wa siku ile aliyorekodi. Alidhani anahifadhi hatua za vidole tu, kumbe amehifadhi na uamuzi.

Mwanafalsafa Mwingereza Alfred North Whitehead aliandika mwaka 1911 kwamba ustaarabu hukua kadiri yanavyoongezeka mambo muhimu tunayoweza kuyatenda bila kuyafikiria. Nakubaliana naye kwa kiasi kikubwa, maana anayehangaika na kila herufi hapati nafasi ya kupima anachokisema. Lakini Whitehead alikuwa akizungumzia alama za hisabati, nazo hazibadiliki kwa majira. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Ikija mbalamwezi, taa hazivuti, mitumbwi mingi hupumzika, dagaa huadimika, na bei haiwezi kubaki pale pale. Makro iliyorekodiwa wakati wa giza haijui kwamba mwezi umeshatoka. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba hati yake hutoka safi, bila kosa hata la nukta, nasi tunauchukua usafi huo kuwa ndio ukweli.

Jina la mnunuzi na namna ya kujumlisha havitegemei siku; vihifadhiwe. Bei na idadi ya magunia ni mambo ya leo, na mtu wa leo ndiye wa kuulizwa. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, inalizingatia hilo: hata kama simu yako imehifadhi *150*00# na namba ya mpokeaji, pesa haiondoki mpaka uingize namba ya siri. Wapo wanaouona huo kuwa usumbufu. Mimi naona hapo ndipo mtumaji anapokiri kwamba ametuma kwa hiari yake, sasa hivi, akijua kiasi.

Basi, wewe unayetengeneza makro leo, acha kisanduku cha bei kitupu, na programu ikatae kuendelea mpaka mtu akijaze.