Mapenzi ya Wimbo na Choyo cha Msikilizaji

Katika mapenzi mengi ya binadamu, mapenzi ya wimbo ni ya ajabu kwa sababu hayana jibu. Mzazi humpenda mtoto naye hutumaini kupendwa. Rafiki humpenda rafiki akapata msaada siku ya dhiki. Lakini wimbo haumjui ampendaye. Hauitiki anapouita, haumzuru anapougua, wala hausikitiki anapouacha. Walakini watu huupenda wimbo kwa bidii, wakautetea kama ndugu, wakagombana kwa ajili yake, na wengine wakapimana akili kwa nyimbo wazipendazo. Swali la maadili lililomo katika jambo hili ni dogo kwa umbo na kubwa kwa maana: mtu apendaye wimbo usiojulikana na jirani zake, ana deni gani kwa wimbo huo, kwa jirani zake, na kwa aliyeutunga?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini nchi ya Rufiji ya chini hulipa sura iliyo wazi. Huko, kama katika pwani yote, muziki ulikuwa kwanza ni jambo la watu wengi pamoja. Ngoma ya jando, ya unyago au ya harusi ilikuwa na siku yake na sababu yake. Aliyefika alicheza, au alipiga makofi, au aliitikia. Hakuulizwa kama ngoma ile ni chaguo lake. Redio ndiyo iliyoanza kumtenga msikilizaji na wenzake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaja Radio Tanzania. Redio ndogo za betri zilipoenea, mkulima aliyekaa juu ya dungu akiamia ndege wasile mpunga aliweza kusikia kutwa nzima nyimbo ambazo hakuna aliyezipiga kijijini kwake. Hapo, pengine kwa mara ya kwanza, mtu aliweza kupenda wimbo peke yake.

Upweke huo umeongezeka. Kibiti ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na upande wake wa mashariki kuna delta yenye msitu mkubwa wa mikoko, ambako vijiji vingi hufikiwa kwa mashua. Kijana wa mji huo, au wa kijiji cha delta anayechaji simu yake kwa umeme wa jua, aweza leo kuzipenda nyimbo za roki za bendi za Uingereza au Marekani zisizo chini ya kampuni kubwa, akatazama video zake usiku, akajua mpangilio wa kila albamu, hali mtu wa nyumba ya pili hajapata kulisikia hata jina la bendi. Mapenzi ya namna hii hulaumiwa kwa mambo mawili: kwamba ni ya kigeni, na kwamba yanamtenga mtu na wenzake.

Lawama ya kwanza haina nguvu. Taarabu, ambayo leo hakuna anayeikana kuwa ni ya Waswahili, ilipata sehemu ya sauti yake Misri. Sultani Barghash alimtuma mtu wake Cairo akajifunze kanuni, na chama cha Ikhwani Safaa kilichoundwa Unguja mwaka 1905 kiliendeleza kazi hiyo. Muziki wa dansi nao ulilelewa na santuri za Kuba, zilizoanza kuuzwa Afrika tangu mwaka 1933, kisha na magitaa ya Kongo. Nchi ya Rufiji yenyewe ni ushahidi. Udongo unaootesha mpunga wa delta haukuzaliwa hapo. Umeletwa na maji ya Kilombero, ya Luwegu na ya Ruaha Mkuu kutoka mbali. Hakuna mkulima aukataaye kwa kuwa ni mgeni. Huuliza kama unaotesha.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, na ndani yake mna jambo la kweli, ingawa si lile wakusudialo walaumu. Mtu hatengwi na wenzake kwa kupenda wasichokipenda. Hutengwa kwa sababu aliyokipendea. Maana kuna kupenda wimbo kwa kuwa ni mzuri, na kuna kupenda wimbo kwa kuwa wengine hawaujui. Mapenzi haya mawili huvaa nguo moja. Wote wawili hutafuta, husikiliza kwa makini, huhifadhi, hukumbuka. Hapana awezaye kuwatofautisha mpaka siku wimbo utakapojulikana.

Siku hiyo imekwisha kuja mara nyingi duniani. Mwaka 1977 bendi ya Buzzcocks ya Manchester ilijilipia na kujitolea santuri yake yenyewe, na baada yake vijana wengi wa Uingereza wakaona kwamba wimbo hauhitaji idhini ya kampuni kubwa ili uzaliwe. Kutokana na moyo huo yalizaliwa makampuni madogo, na wapenzi wao wakaona fahari kuwa wachache. Huko Marekani, Nirvana ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1989 kwa kampuni ndogo ya Seattle, Sub Pop. Mwaka 1991 ilitoa albamu ya pili, Nevermind, kwa kampuni kubwa, ikanunuliwa na mamilioni. Walikuwapo wapenzi wa awali walioona wameibiwa. Wengine waliona sauti imelainishwa, na hilo ni neno la sikio linaloweza kujadiliwa. Lakini mpenzi ambaye hakuweza kutaja noti iliyoharibika, akakasirishwa tu na wingi wa wasikilizaji wapya, alionyesha kwamba alichokipenda ni uchache wa wasikiao, na yeye akiwa mmoja wao.

Karibu na Kibiti upo mfano mwingine. Singeli ilikulia katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, katika studio ndogo na sherehe za uchochoroni, ikirithi mchiriku wa vinanda vidogo na vipande vya taarabu vilivyokimbizwa mbio. Kwa muda mrefu ilidharauliwa kuwa ni kelele za wahuni. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotokana na studio ya Mburahati, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuifuata. Aliyeipenda singeli wakati ikitukanwa alikuwa na njia mbili: kufurahi kwamba masikio mengine yamefunguka, au kununa kwamba siri yake imetangazwa. Njia ya pili ina jina la kale katika Kiswahili, nalo ni choyo.

Yafaa kupima kama choyo hiki kina udhuru. Mvuvi wa delta ajuaye mkondo wenye kamba wengi aweza kuuficha, na watu wenye haki hawatamlaani upesi, maana kamba hupungua kwa kila wavu unaoongezwa. Mkata boriti ajuaye mahali penye msinzi mnyofu ana hofu hiyo hiyo. Mali za namna hii hugawanyika, na fungu la mmoja ni pengo la mwingine. Wimbo hauko hivyo. Watu elfu wakiusikia, fungu la yule wa kwanza halipungui hata kidogo. Ndiyo maana choyo cha wimbo ni kibaya kuliko choyo cha samaki: hakilindi riziki yoyote. Mwenye choyo cha samaki hutaka kushiba. Mwenye choyo cha wimbo hutaka wengine wawe na njaa ili kushiba kwake kuonekane. Wahenga waliposema kizuri kula na nduguyo, walikuwa wakisema juu ya chakula, ambacho hupungua. Neno lao ni zito zaidi kwa kisichopungua.

Hata hivyo mpenzi wa vitu vichache ana jambo moja la kujitetea, nalo halipasi kupuuzwa. Soko lina sauti kubwa. Wimbo unaorudiwa mara ishirini kwa siku huingia moyoni kwa kuzoewa tu, hata kama hauna thamani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini leo kibaya hutembezwa kwa fedha nyingi hata chema hakipati mahali pa kusimama. Mtu anayeukataa mkondo huo, akatafuta mwenyewe, akakaa na wimbo mgumu mpaka uanze kumfungukia, anafanya kazi ya heshima, kwani analinda uhuru wa sikio. Kosa linaanza pale anapogeuza uhuru huo kuwa cheo, akamtazama jirani yake apendaye wimbo wa harusi kama mtu asiye na masikio.

Video nazo zimeongeza uzito wa jambo hili. Aliyekaa dunguni na redio alikuwa na sehemu yake katika kutunga. Mwimbaji alitoa sauti, msikilizaji akatoa sura: mwanamke aliyeimbwa alifanana na mwanamke wa kwao, na mto uliotajwa ulikuwa Rufiji. Televisheni zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na baadaye video zilipoingia katika simu, sura ilianza kuletwa tayari. Yasemwa kwamba jicho limelinyang'anya sikio urithi wake. Neno hilo lina ukweli nusu. Video ya ovyo, ya magari ya kukodi na nyumba ya mtu mwingine, humfunga mtazamaji katika ndoto moja isiyo yake. Lakini video njema, hata iliyopigwa uchochoroni kwa gharama ndogo, humwonyesha mtu uso wa mwenzake wa mbali akiwa na huzuni aliyoidhani ni ya kwao peke yao. Video hiyo inapotazamwa na watu watano juu ya simu moja, vichwa vimegusana, upweke ulioletwa na redio huanza kupungua.

Pamoja na hayo, ukarimu nao una mpaka wake, na hapa ndipo mpenzi mwema hupotea bila kukusudia. Wimbo haupungui kwa msikilizaji, lakini riziki ya mtungaji hupungua. Vijana hurushiana nyimbo kwa simu, na vibandani nyimbo mamia huingizwa katika memori kadi kwa malipo madogo ambayo hayamfikii aliyeimba. Mwenye kugawa huona amefanya hisani, lakini amegawa cha mwingine. Jambo hili si jipya. Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa Mkoa huo huo wa Pwani, aliyekufa kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, aliishi wakati ambapo wanamuziki wengi wa Tanzania walilazimika kwenda Nairobi ili nyimbo zao ziwe santuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999. Sheria, walakini, hailali ndani ya simu ya mtu. Mwanamuziki wa kampuni kubwa aibiwapo hupungukiwa. Yule ajitegemeaye aibiwapo huacha kuimba. Basi ampendaye kwa kuwa hana kampuni, na asimlipe kwa kuwa hana kampuni, anaua kwa mkono mmoja alichokikumbatia kwa mwingine. Mcheza kwao hutunzwa, na mpenzi wa kweli humhesabu mwimbaji wa mbali kuwa ni wa kwao katika kutunzwa.

Kutokana na haya, deni la mpenzi wa wimbo lina mafungu matatu. Kwa wimbo, ana deni la kusikiliza kwa haki, asiupende kwa uchache wa wasikilizaji wala asiuchukie kwa wingi wao. Kwa jirani, ana deni la kumwalika bila kumdharau, na la kusikiliza naye wimbo wa jirani zamu yake ifikapo. Kwa mtungaji, ana deni la shukrani iliyo na kitu mkononi. Deni la pili ndilo gumu kuliko yote, maana halilipwi kwa fedha. Kijana wa Kibiti ampaye ndugu yake upande mmoja wa spika za masikioni hupoteza nusu ya sauti kwa dakika nne, na hana hakika kama ndugu yake ataupenda wimbo au ataucheka. Akikubali hasara hiyo na hatari hiyo, amekwisha kuonyesha kwamba aliupenda wimbo wenyewe.