Madhara Yaondolewayo kwa Madhara

Barabara inayokwenda Mzumbe huiacha njia kuu ya Iringa pale Sangasanga, kisha hujipinda kuelekea mguuni mwa milima ya Uluguru. Mahali hapo pamejulikana kwa elimu tangu mwaka 1953, kilipoanzishwa chuo cha kuwafunza watumishi wa serikali za mitaa. Chuo hicho kilifanywa chuo kikuu mwaka 2001, na miongoni mwa fani zinazosomeshwa humo ni sheria. Nje ya lango, kama ilivyo nje ya malango ya vyuo vingi vya nchi hii, huwapo vibanda vya kupiga chapa na vya mafundi wa simu na kompyuta. Fundi hufungua mashine iliyokwishatumika kwingine kwa miaka, akachomoa kinachofaa, akalehemu kilichoachana, na magamba ya plastiki akayarundika nyuma ya kibanda hadi siku ya kuchoma taka. Ndani ya ukumbi mwanafunzi anasoma maana ya haki, na nje moshi unapanda. Suala linalozuka baina ya ukumbi na moshi ule ni la zamani, ingawa sura yake ni mpya: mtu aliyegundua kuwa kitu cha nyumbani mwake kina sumu, akakitoa nje, je, wajibu wake umekwisha pale kilipovuka kizingiti?

Sumu yenyewe haikutengenezwa kwa nia mbaya, na jambo hilo lisipokubaliwa tangu mwanzo, mjadala wote huwa matusi matupu. Plastiki na sponji ni watoto wa mafuta ya petroli, nazo huwaka kama mama yao. Wanakemia walitia humo viambato vya bromini ambavyo, vikipata joto, huachia bromini hiyo ikakatiza mfululizo wa mabadiliko unaoulisha mwali. Godoro likachelewa kuwaka, gamba la televisheni likachelewa kuyeyuka. Katika nchi ambazo watoto hulala mabwenini, hapana awezaye kudharau jitihada ya namna hiyo. Mwaka 1994 moto uliwaua wasichana zaidi ya arubaini katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga, huko Rombo. Mwaka 2001, Kyanguli nchini Kenya, walikufa wavulana 67. Mwaka 2009, Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12. Mzazi aliyezika mtoto wake kutoka katika majivu hahitaji kuelezwa faida ya godoro lisilowaka upesi.

Lakini viambato vile, vingi vyao, havikufungamanishwa na plastiki. Vimechanganywa nayo tu, kama chumvi katika unga. Kwa hiyo hutoka kidogo kidogo, vikaingia katika vumbi la nyumba, na mtoto anayetambaa ndiye aliye karibu zaidi na vumbi. Umbo lao linafanana na la homoni ya tezi ya shingo, homoni ambayo ubongo wa mtoto hauwezi kukua sawasawa bila ya hiyo. Aidha, hazioshwi na mwili kwa wepesi, bali hukaa katika mafuta. Watafiti wa Sweden walipoyapima maziwa ya mama yaliyohifadhiwa tangu mwaka 1972 hadi 1997, waliona kuwa kiasi cha kemikali hizi kilikuwa kikiongezeka maradufu takriban kila miaka mitano. Matokeo hayo yalipotangazwa mwishoni mwa miaka ya 1990, hapakuwa na maiti ya kuonyesha wala mgonjwa wa kumleta barazani. Kilichokuwapo ni mstari unaopanda katika karatasi. Hata hivyo Umoja wa Ulaya ukachukua hatua. Mwaka 2003 ulipitisha amri ya kuzuia aina mbili za kemikali hizo, ikaanza kutumika Agosti 2004. Na amri nyingine ya mwaka huohuo ikazuia zisitiwe katika vyombo vipya vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006, pamoja na risasi, zebaki na kadmiamu. Aina ya tatu ilisamehewa mwaka 2005. Denmark na Bunge la Ulaya wakapeleka shauri mahakamani, na tarehe 1 Aprili 2008 Mahakama ya Ulaya ikaubatilisha msamaha ule.

Hapana budi kuwasifu watunga sheria hao. Dola kuacha kungoja makaburi ndipo liamini kuna hatari ni tabia adimu, na wengi wanaoilaumu Ulaya kwa kila jambo wasingeifanya kwao.

Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni ambayo wasomaji wa visiwani wameisikia madrasani, nayo ni kuwa madhara huondolewa, lakini hayaondolewi kwa kuleta madhara mfano wake. Kwa kawaida kanuni hii hutolewa mfano wa mwenye njaa ambaye hana ruhusa ya kunyakua chakula cha mwenye njaa mwenziwe. Ukiipeleka katika habari ya moto, inauliza maswali mawili. Kwanza, je, bromini iliondoa madhara ya moto, au ilibadilisha tu namna ya kudhurika? Pili, Ulaya ilipoondoa madhara ya bromini, iliyapeleka wapi?

Kwa swali la kwanza, misiba iliyotajwa inajibu kwa sauti ya kutisha. Kyanguli moto uliwashwa kwa petroli, mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Idodi iliripotiwa kuwa ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea baada ya taa kuzimwa. Lau magodoro yale yangejazwa bromini ya dunia nzima, kufuli isingefunguka. Jimbo la California lililazimisha tangu mwaka 1975 kwamba sponji ya samani istahimili mwali mdogo, na hivyo kemikali zikaenea Marekani yote. Mwaka 2013 jimbo lilelile likabadilisha kipimo chake, likatazama zaidi kitambaa cha nje na moto wa sigara unaofukuta, na viwanda vikaweza kutimiza sharti bila ya kemikali hizo. Miaka thelathini na minane ilipita, basi, kabla ya kuulizwa kwa dhati kama njia nyepesi ilikuwapo. Mlango ulio wazi, mlinzi aliye macho na taa isiyo na mwali ni vitu visivyouzwa kwa pipa, na yumkini ndiyo sababu havikupata wakili.

Swali la pili ni zito zaidi. Mwaka 1977 Marekani ilipiga marufuku nguo za kulalia za watoto zilizotiwa kemikali ya kuzuia moto iitwayo tris, baada ya kuonekana kuwa inaweza kuleta saratani. Wafanyabiashara waliobaki na mizigo wakaanza kuiuza nchi za nje, hadi mwaka 1978 serikali ilipozuia pia usafirishaji. Katika mwaka ule mmoja, nguo isiyomfaa mtoto wa Ohio ilionekana yamfaa mtoto mwingine ambaye jina lake halikujulikana. Huo ni mkuki kwa nguruwe. Amri za Ulaya za mwaka 2003 hazikufanya ufedhuli wa namna hiyo, lakini zilihusu vyombo vipya. Vile vya zamani vilikuwa vimekwisha kutengenezwa kwa mamilioni, navyo vilikuwa na safari yao. Hata Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, ulipoziingiza kemikali hizi katika orodha yake mwaka 2009, uliruhusu kwa muda usiovuka mwaka 2030 kwamba plastiki zilizo nazo zisagwe na kutumiwa upya. Mwaka 2017 watafiti walipovipima vichezeo vya plastiki kutoka nchi 26, aghalabu vile vya miraba ya rangi vinavyozungushwa kwa vidole, waliikuta bromini ileile katika vilivyo vingi. Gamba la kompyuta lilikuwa limerudi likiwa kichezeo, na hakuna atiaye kemikali ya kuzuia moto katika kichezeo kwa kusudi.

Watu wa Morogoro wana mazoea ya kufikiri juu ya aliye juu na aliye chini, kwa kuwa wanaishi na maji. Vijito vya upande wa Mzumbe huingia bwawa la Mindu, linywewalo na mji. Mto Ngerengere huendelea hadi Ruvu, na Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Katika miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha huko Uluguru mpango ambao wanywaji wa chini, DAWASCO ikiwa mmojawao, walichangia malipo kwa wakulima wa juu ili walinde udongo na maji yashuke safi. Mpango huo una mantiki yake, kwani anayepokea usafi humlipa anayeutoa. Katika biashara ya kompyuta chakavu mambo yamepinduka. Fundi wa Mzumbe yuko chini ya mto, naye ndiye anayelipa ili uchafu umfikie. Ameununua, kwa fedha taslimu, na bei haikutaja bromini.

Hapo mtetezi wa biashara atasema, na maneno yake yana uzito, kwamba bila ya mashine hizo mwanafunzi wa Mzumbe asingeandika tasnifu yake, na fundi asingelisha wanawe. Ni kweli. Ila ukweli huo unathibitisha haja tu, hauthibitishi ridhaa. Aliyeuziwa chungu chenye ufa asioambiwa hakuridhia ufa.

Wapo wanaotaka serikali izuie moja kwa moja. Uluguru inakumbuka zuio la namna hiyo. Kuanzia mwaka 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi milimani kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa njema, na wataalamu hawakukosea kuwa udongo ulikuwa ukishuka. Lakini kazi yote ilimwangukia mkulima, ambaye hakuulizwa, na mahali pengi ngazi zile zilifukua udongo usiozaa. Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo kupinga, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Sheria njema iliyoandikwa pasi na kumsikiliza atakayebeba uzito wake ilishindwa kulinda hata ule udongo.

Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tangu 2021 ina kanuni mahususi za taka za vyombo vya umeme. Zanzibar, kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano, ina sheria yake ya mwaka 2015. Karatasi, basi, haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kulipokea gamba. Shaba ina mnunuzi, bodi ina mnunuzi, betri ina mnunuzi, na wote hufika kibandani na mizani zao. Yule aliyeliunda gamba, aliyelitia bromini na aliyepata faida ya kwanza hana njia ya kufika, wala hakuna amri ya 2003 wala ya 2006 iliyomwamuru aje. Kwa hiyo linabaki nyuma ya kibanda pamoja na mengine, likipigwa na mvua za masika, na maji yake yanateremka kuelekea Mindu.