Daraja ni ya Kazi

Ipo aya ambayo wenye nafasi huikimbilia wakiambiwa wawafanyie wema walio chini yao. Ni aya ya 32 ya Suratuz-Zukhruf, inayoeleza kuwa Mola ndiye aliyegawa maisha ya watu, akawanyanyua baadhi juu ya wengine ili wapate kutumikiana. Basi, husema, bosi ni bosi na mfagizi ni mfagizi, Mungu kapanga. Wanachokiruka ni aya iliyo kabla yake. Makuraishi walihoji kwa nini Qur'ani hii haikuteremshiwa mtu mkubwa wa miji miwili, Makka na Taif; Muhammad (s.a.w.), aliyekulia uyatimani, hawakumwona kuwa na ukubwa wa kustahiki utume. Aya ya 32 ni jibu la kiburi hicho. Inakiri kuwa riziki zinapishana, kisha inamalizia kuwa rehema ya Mola ni bora kuliko wanavyovikusanya. Aya inayofuata inakwenda mbali zaidi: lau si kuchelea watu wote wasiingie katika ukafiri, makafiri wangalipewa hata nyumba za dari za fedha. Kitu chepesi kiasi hicho kitakuwaje mizani ya kumpimia mja?

Na dharau haihitaji matusi. Palikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume. Alipokosekana, Mtume (s.a.w.) akamuulizia, akaambiwa amekwisha kufa na kuzikwa. Mapokezi ya Bukhari na Muslim yanaonyesha kuwa Masahaba waliliona jambo lake dogo, si la kumsumbulia Mtume. Hawakumtukana wala kumdhulumu, ila hawakukihesabu kifo chake kuwa habari. Mtume akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia hapo. Sasa tutazame majumbani mwetu. Dada wa kazi amekaa na moshi tangu asubuhi, pilau likiiva wageni wanakunja mguu penye sinia, yeye anaachiwa ukoko jikoni, na hakuna anayeona kuwa amefanya ubaya. Ilhali hadithi sahihi imeagiza kuwa mtumishi akikuletea chakula umkalishe mle pamoja, na kama hukuweza umpe japo tonge moja au mbili, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto lake na taabu ya kukipika.

Atasema mtu: kazi haiendi bila mkubwa, na mfanyakazi ukimzoea sana atakupanda kichwani. La kwanza ni kweli, na Uislamu haukulikataa. Mwaka wa 11 Hijria Mtume (s.a.w.) alimpa Usama bin Zayd uamiri wa jeshi lililokuwa na Masahaba wakubwa ndani yake. Alikuwa kijana mdogo, tena mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, na wako walionung'unika. Mtume akawajibu kuwa anaufaa uamiri huo, kama baba yake alivyoufaa. Wanatarikhi wanasimulia kuwa Abubakar, naye sasa ni Khalifa, alimsindikiza kwa miguu huku Usama amepanda mnyama, kisha akamwomba Usama idhini ya kumbakisha Umar Madina. Khalifa anamwomba ruhusa kijana aliye chini yake kwa cheo! Nidhamu gani zaidi ya hiyo? Ila ilifuata kazi, haikufuata nasaba.

Hilo la kupandwa kichwani lina dawa yake: agiza wazi, kosa lirekebishe, mkataba uheshimuni nyote. Kumwita mlinzi wa umri wa baba yako "we!" hakumo katika dawa hiyo. Wala asijitetee mtu kuwa mshahara ameshalipa. Sahaba Abu Dharr alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia bado ana ujahiliya ndani yake, kisha akafundisha kuwa watumishi ni ndugu zetu: wale tunachokula, wavae tunachovaa, wasibebeshwe wasiyoyaweza, na wakibebeshwa tuwasaidie. Pesa hazikutajwa hapo. Abu Dharr alilichukua fundisho hilo hata akaonekana mahali paitwapo Rabadha yeye na mtumishi wake wamevaa nguo za namna moja, mpaka watu wakamuuliza kulikoni.