KIJANA, UNAOGELEA KUFUATA NINI?

Kijana, umewahi kuiona picha ile? Mtoto mchanga, uchi, yuko ndani ya maji. Mbele yake noti ya dola moja imetundikwa kwenye ndoana. Naye anaifuata! Hilo ni jalada la Nevermind, albamu ya bendi ya roki ya Marekani, Nirvana, iliyotoka Septemba 1991.

Kampuni ilianza na nakala kama 46,000 tu kwa Marekani. Wapi! Watu walizigombania. Januari 1992 albamu hiyo ikamshusha Michael Jackson kutoka namba moja. Mwimbaji wao, Kurt Cobain, akapata vyote: pesa, jina, makofi ya dunia nzima. Je, si ndicho unachokitafuta na wewe?

Lakini sikiliza. Aprili 1994, akiwa na miaka 27 tu, alijiua nyumbani kwake Seattle. Aliacha mke na binti ambaye hajafikisha hata miaka miwili. Sisemi umaarufu ndio ulimuua. Kulikuwa na maumivu ya tumbo ya miaka mingi, kulikuwa na heroini. Nasema hivi: dola hazikuyatibu hayo.

Basi ni vibaya kutafuta pesa? Hapana! Samaki halaumiwi kwa kuwa na njaa. Kinachomponza ni kutoangalia kilichofichwa ndani ya chambo. Jiulize: hiki ninachokikimbilia, nikikipata kitaniponya nini?

Na kama unaumia moyoni sasa hivi, usingoje mpaka ufanikiwe. Mwambie mtu. Leo!