Ulimi, Pipa na Hukumu

Anayeazimia kuonja wiski nyingi za aina mbalimbali amekwisha kukubali jambo moja, hata kama hajalitamka: kwamba katika ladha kuna cha kujifunza. Maana kama kila ulimi una haki yake na hakuna anayekosea, chupa moja inayompendeza ingemtosha. David Hume, mwanafalsafa wa Edinburgh, alilishughulikia suala hili mwaka 1757 katika insha yake kuhusu kipimo cha ladha, akakumbusha kisa cha jamaa wawili wa Sancho katika riwaya ya Don Quixote. Walionja divai, mmoja akasema ina ladha ya ngozi, wa pili akasema ina ladha ya chuma. Wakachekwa. Pipa lilipokauka, chini palikutwa ufunguo uliofungwa kamba ya ngozi.

Wiski inampa Hume ushahidi bora kuliko kisa chenyewe. Sheria inataka wiski ya Scotland ikae katika mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3. Bourbon ya Marekani huwekwa katika mwaloni mpya uliochomwa ndani, na mengi ya mapipa hayo yakishatumika husafirishwa Scotland. Katika kisiwa cha Islay, hukohuko Scotland, shayiri nyingi hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Moshi ule, au vanila ya ule mwaloni, una chanzo kinachoweza kuonyeshwa nje ya kinywa. Lakini anayeijua wiski moja tu hawezi kuutenga moshi na pombe yenyewe. Kwake vyote ni ukali. Ni ya pili, ikiwekwa kando ya ya kwanza, inayomfumbua macho.

Atatokea wa kupinga: mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walitia divai nyeupe rangi nyekundu, na wanafunzi 54 wa fani ya divai wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Basi utaalamu ni maigizo? Sioni hivyo. Jaribio lile linathibitisha kwamba jicho huutangulia ulimi, nalo ni kosa linalojulikana na lenye tiba: chupa ifichwe, bei isitajwe. Hukumu inayoweza kukosea ndiyo hasa inayoweza kurekebishwa.

Pingamizi zito zaidi linahusu idadi. Pombe yenye nguvu ya asilimia 40 na zaidi huchosha pua na kulevya akili ileile inayotakiwa kupambanua, kwa hiyo mwenye kukimbilia chupa ya mia anaharibu chombo chake. Hapo orodha yake ya chupa imegeuka ulafi wenye daftari. Glasi tatu ndogo zilizopangwa pamoja, zikaonjwa na kutemwa, zinafunza zaidi.

Na Mwislamu, aliyekatazwa pombe, je? Hoja hii ya kuonja haimfikii, wala haimlazimu adai kwamba wiski haina uzuri wowote. Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, inakiri kuwa ulevi una manufaa kwa watu, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kitu kutambuliwa kuwa kizuri ni hukumu moja. Kuruhusiwa kukinywa ni nyingine, na Hume hana daraja la kutoka ile hadi hii. Zoezi lenyewe analiweza bila kileo: aweke robusta ya Kagera kando ya arabika ya Kilimanjaro, bila sukari, vikombe vikiwa havina majina.