Kilele na Kibla

Saa tisa usiku, katika kambi ya Shipton kwenye Mlima Kenya, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, tochi huanza kuwaka moja moja. Watu hunywa chai ya haraka, wengine vichwa vikiwagonga kwa uhaba wa hewa, kisha huanza kuparamia changarawe inayowarudisha nyuma kila wanapokanyaga. Jua lisiwatangulie, hilo ndilo lao. Anayefika kilele cha Lenana kabla ya mapambazuko, na mawingu yakimhurumia, huweza kuiona Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 300 upande wa kusini.

Wazee wa Kikuyu hawakuhitaji safari hiyo ili kusali. Walisimama chini ya mti wa mugumo, wakainua mikono, nyuso zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mahali anaposhukia Ngai, Mungu wao. Jina jingine la Ngai ni Mwenenyaga, yaani mwenye mng'ao. Jomo Kenyatta alipochapisha kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu mwaka 1938, alikiita Facing Mount Kenya: kuuelekea mlima. Hakusema kuupanda.

Basi anayepanda mlima mtakatifu anamkaribia Mungu, au anaingia chumbani bila hodi?

Mwislamu wa Lamu hana haja ya kuelezwa maana ya kuelekea. Mara tano kwa siku anaikabili Makka, na huenda akazikwa bila kuiona. Hata kati ya waliojaliwa kwenda, wale wanaopanda mlima wa Jabal Nur mpaka pango la Hira wanajipandia kwa mapenzi yao tu, maana kupanda huko si sehemu ya ibada za Hija. Katika kitabu cha Kutoka, Musa aliitwa juu ya Sinai, lakini watu wake walikatazwa hata kuugusa mlima. Na huko Tibet, mahujaji wa Kibudha na wa Kihindu huuzunguka mlima Kailash kwa miguu, kilomita 52 hivi. Kilele chake, mita 6,638, hakijulikani kukanyagwa na mtu.

Ushahidi huu wote unaelemea upande wa wanaobaki chini. Lakini kuna Felice Benuzzi.

Mwitaliano huyu alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki. Mlima aliutazama kutoka nyuma ya seng'enge. Mnamo Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, wakiwa na vifaa vya kupandia walivyojitengenezea wenyewe kambini. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa chakula. Kilele cha juu kabisa, Batian, kiliwashinda. Wawili kati yao, akiwemo Benuzzi, wakapanda Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakateremka, na wote watatu wakajirudisha kambini kwa hiari. Siku 18 kwa jumla. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, wakatumikia saba.

Mtu anayetoroka kifungo halafu akarudi mwenyewe hakuwa akitafuta njia ya kwenda kwao. Alichoka kuutazama mlima tu, akataka miguu yake nayo iujue. Ni vigumu kuita hiyo kufuru. Pengine miguu nayo ina namna yake ya kusali, na wazee wa mugumo, waliotembea na mnyama wa kafara mpaka penye mti, wasingelikataa hilo.

Jibu lenyewe limesimama mbele ya kila anayefika Lenana. Akishamaliza ngazi za chuma na waya za mwisho, akigeuka, anaona vilele vya Batian na Nelion vimemwinukia kwa kuta za mwamba zisizopandika bila kamba na ujuzi. (Majina yote matatu ni ya ukoo wa laiboni, kiongozi wa kidini wa Kimaasai, na aliyeyatoa ni Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian mwaka 1899. Vilele vya mlima wa sala za Wakikuyu, Waembu na Wameru vikabatizwa hivyo.) Aliyefika, kumbe, bado anaelekea. Tofauti yake na mzee wa chini ya mugumo ni ya umbali tu.

Chini yake iko barafu ya Lewis, au masalia yake, kwa jinsi ilivyosinyaa tangu enzi za Mackinder. Hapo swali linageuka kuwa zito kuliko lile la hodi. Mng'ao ukiisha mlimani, mwenye mng'ao ataelekewa wapi? Muumini anaweza kujibu kwamba theluji ilikuwa vazi tu. Inawezekana. Ila walioivua nguo hiyo ni wanadamu, kwa joto la viwanda na magari yao, na wengi wao hawajawahi kuuona mlima huu.

Kufikia saa nne asubuhi mara nyingi mawingu huwa yameshaufunika mwamba, na viongozi wanahimiza watu washuke. Kabla ya kupiga picha penye kibao cha mita 4,985, msafiri na ageuke kidogo. Batian iko mita 214 juu yake.