Bibi Amekataa Kuhama

Ndugu zangu wanafunzi, bibi yangu anaishi peke yake Nkanka, karibu na Ziwa Kivu. Tulimwomba ahamie kwetu Kigali. Akakataa: kaburi la babu liko kule, na migomba yake pia. Tukasema basi, mzee atiiwe.

Kinachonisumbua ni kwamba tulimtii upesi mno. Kukataa kwake kulitupunguzia gharama. Katika Suratul Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu anawataja wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwetu; sisi tulimwacha na uzee wake kilimani, tukampa simu. Simu haimwinui aliyeteleza uani mvua ikinyesha.

Wako Intwaza, wazee waliouliwa watoto wao katika mauaji ya kimbari ya 1994. Wamejengewa nyumba za Impinganzima, moja ikiwa kwetu Rusizi. Bibi ana wajukuu saba.

Kubaki kwake ni haki yake, ila wa kuigharamia ni sisi: kuni na maji viwe ndani kabla ya giza, na jirani alipwe (ndiyo, alipwe, tusimwachie thawabu tu) ili kila asubuhi apite kutazama kama mlango umefunguliwa. Likizo hii zamu ni yangu. Nitaanza na ile njia ya chooni, niitandaze mawe.